Kiti cha kumi

Mhariri, mmeuliza: Dharmendra, yule mwigizaji wa filamu za Kihindi aliyeoa mke wa pili bila kuachana na wa kwanza, alikuwa mume mwema? Sisi tuliokulia Lubumbashi tukishangilia ngumi zake kwenye video za mtaani, bila kuelewa Kihindi hata neno moja, swali hilo ni letu.

Najibu mbio: ndiyo. Mke wa kwanza, Prakash Kaur, alimwoa mwaka 1954, kabla hajajulikana na mtu. Wakazaa Sunny, Bobby na mabinti wawili. Mwaka 1980 akamwoa Hema Malini, mwigizaji mwenzake, wakapata Esha na Ahana. Prakash hakufukuzwa, Hema hakuhamia kwa mwenzake. Sheria ya ndoa ya Wahindu ya 1955 inakataza wake wawili, na yetu ya familia hapa Kongo vilevile, lakini nani hapa asiyejua biro ya pili, yule mke wa kando, ni nini?

Ila alipofariki, Novemba 2025, familia ya kwanza ilifanya ibada yake ya kumkumbuka, na Hema akafanya ya kwake nyumbani. Niliposoma hayo nikakumbuka kilio cha baba, kule Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi.

Hema ya mama ilikuwa mbele ya lupango, kiwanja chetu. Siku ya pili asubuhi tukakuta hema nyingine imesimama chini ya mwembe wa jirani: mama mdogo, mke wa pili wa baba, kutoka komine ya Kenya, mtaa mwingine wa Lubumbashi, na watoto wake watano. (Hema mbili, hata jina lilitutangulia.) Walikalia mabenchi ya kuazima. Shangazi zangu wakaanza kunong'ona. Mama, pale mkekani, hakuinua macho, akaniita: "Enda uwapelekee viti kumi. Uhesabu, ni vya kukodi."

Nikavibeba viwili viwili, vile vyeupe vya plastiki, watu wote wakinitazama. Safari ya tatu kijana mmoja wa upande ule akaja kunipokea. Sura ya baba ile ile, mpaka mwanya wa meno. Hatukusemezana. Akashika kimoja, nami kimoja.

Jioni mama mdogo akatuma sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na samaki wa tomsoni. Shangazi wakagoma. Mama akanawa mikono, akala.

Tulipomaliza kilio, vilirudi viti tisa.

Sasa ile "ndiyo" yangu naiona imelegea. Baba alilipa pesa ya shule pande zote mbili, hakuna aliyelala njaa; baba mwema, nakubali. Lakini mume? Viti angevibeba yeye, angali hai, atukutanishe mimi na yule kijana kabla ya jeneza. Ya Dharmendra sitayahukumu, Mumbai si Katuba, huenda wenyewe walishapatana. Kwa baba yangu nasema hapana, na nikisema hivyo naona aibu, maana ningali nampenda.

Yule kijana siku hizi anauza simu mjini. Huwa napita kumsalimu. Nikirudi nyumbani nikalitaja jina lake, mama anauliza kama amesema lolote kuhusu kiti.