Baba Mdogo, uliniuliza kama huku wanawake hawaguswi

Baba Mdogo, shikamoo. Nanyi nyote mliokuwa kihambani siku ile ya Krismasi, nawasalimu.

Mnakumbuka maneno yalivyoanza. Binti wa shangazi alishuka stendi ya Moshi usiku wa tarehe 23 akitokea Dar, amevaa jinzi iliyochanika magotini na kitopu. Vijana wawili wakamng'ang'ania begi eti wambebee, mmoja akamshika makalio, na watu waliokuwa pale wakacheka. Alifika nyumbani analia. Siku mbili baadaye, mbuzi yuko motoni na mbege inazunguka, mtu akasema, "Na wewe na hiyo jinzi yako." Wewe Baba Mdogo ukamalizia: ukianika mtama usilaumu kuku. Kisha ukanigeukia. "Wewe unayekaa Ujerumani, tuambie ukweli. Huko wanatembea nusu uchi na hawaguswi? Au ndio huo ufeministi mnaotuletea?"

Nilijibu kwa hasira, sikumaliza, na baada ya siku nne nikapanda ndege. Swali lako limenikaa moyoni tangu hapo, na wewe ni mtu unayestahili jibu lililotulia.

Huku wanaguswa, Baba Mdogo. Hata mimi nimeguswa.

Mnajua nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Leipzig. Asubuhi kazi ya kwanza ni kuwavalisha wagonjwa wa mishipa soksi ndefu za kubana. Ni ngumu, lazima upige magoti mbele ya mtu, uvute taratibu mpaka zifike gotini. Nguo yangu ya kazi ni suruali pana nyeupe, blauzi inayofika nyongani na viatu vya mpira. Ni nguo ambayo hata katekista asingeisema vibaya. Mwaka wangu wa pili, nikiwa nimepiga magoti hivyo, mzee mmoja mwenye akili zake timamu aliingiza mkono ndani ya kola ya blauzi yangu akanishika ziwa. Akacheka, akasema neno kuhusu wanawake wa Kiafrika ambalo sitaliandika hapa.

Nilimwambia msimamizi wa zamu. Akajibu, "Ni mzee, mzoee tu." Nilisimama pale korido na ndoo mkononi nikahisi kama nimerudi Moshi.

Sijawahi kukuambia hili, Baba Mdogo, kwa hiyo nisomee taratibu. Nilipokuwa kidato cha tatu, mnanipa nauli kila asubuhi, konda mmoja wa daladala alikuwa na tabia ya kutupanga sisi wanafunzi nyuma, halafu gari likijaa anapita katikati yetu akikusanya nauli kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa chini. Sketi yangu ilivuka magoti. Sweta lilikuwa la shule, limefungwa vifungo vyote, na soksi nyeupe zimevutwa juu. Kulikuwa na akina mama wenye vikapu vya ndizi, kulikuwa na mzee wa kanisa ambaye nyumbani kwetu alikuwa anakunywa chai. Waliona. Mmoja aligeuka akatazama dirishani. Nilipomwambia mama, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwani ulikaa wapi?" Simlaumu mama, hata yeye aliulizwa hivyo hivyo alipokuwa binti. Lakini tangu siku hiyo sikusema tena, na kwa mwaka mzima nilikuwa natembea kwa miguu mkidhani napenda mazoezi.

Sasa niambie, siku ile mtama ulianikwa wapi?

Tuje kwenye huo uchi. Kusini mwa mji huu kuna ziwa linaitwa Cospudener. Zamani lilikuwa shimo la makaa ya mawe, wakalijaza maji. Wakati wa joto sehemu moja ya ufukwe wake ni ya watu wanaoogelea bila nguo yoyote, wake kwa waume, wazee na vijana. Hii upande huu wa Ujerumani ni desturi ya muda mrefu, hata enzi za ukomunisti walikuwa nayo. Na sauna nyingi ni hivyo hivyo, mnakaa pamoja kwenye mvuke mkiwa uchi, juu ya taulo. Mara ya kwanza nilialikwa na wenzangu wa kazini nikakataa, mara ya pili nikaenda nikakaa mlangoni nimejifunga taulo mpaka kidevuni. Sikuona mwanamume aliyemgusa mtu. Hakuna hata aliyekodoa macho, maana anayekodoa anaambiwa atoke, na anatoka kwa aibu. Kule hakunifurahishi, na sina mpango wa kurudi. Mimi ni mtoto wa Kichaga niliyelelewa Kilutheri na mwili wangu naufunika kwa hiari yangu. Lakini nilichokiona nimekiona.

Halafu wanaume wa nchi hii hii, kule Munich kwenye sherehe ya bia ya Oktoberfest, kila mwaka kuna wanaoshika wanawake waliovaa magauni ya kienyeji. Hali ilifika mahali kwamba tangu mwaka 2003 kuna huduma maalumu pale ya kuwasaidia wanawake na wasichana waliopatwa na mkasa. Na usiku wa kuamkia mwaka 2016, mjini Cologne, mamia ya wanawake walizingirwa na makundi ya wanaume mbele ya kanisa kuu wakashikwashikwa na kuibiwa. Ilikuwa Desemba, Baba Mdogo. Baridi. Wanawake wa huku usiku wa Desemba wamevaa makoti, mitandio na suruali nzito. Washukiwa wengi walikuwa wageni kutoka Afrika Kaskazini na nchi za Kiarabu, na wiki zilizofuata kila mwanamume mwenye ngozi yenye rangi alitazamwa vibaya, hata hapa kwenye tramu. Hilo liliniuma. Liliniuma pia kuona watu ambao hawakuwahi kufungua mdomo kuhusu Munich ghafla wamekuwa watetezi wa wanawake, kwa sababu safari hii mshikaji hakuwa mwenzao. Meya wa Cologne, tena mwanamke, akawashauri wanawake wajiweke umbali wa urefu wa mkono na watu wasiowajua. Nchi nzima ikamjia juu. Kwa hiyo usidhani "na wewe na hiyo jinzi yako" ni maneno ya kwetu tu.

Na ninyi mliosema ufeministi ni wa Wazungu, hebu tutazame miaka. Ujerumani, mume kumbaka mkewe ilikuja kuhesabiwa kuwa kosa la ubakaji mwaka 1997, mimi nikiwa tayari naenda shule. Mpaka mwaka 1977 sheria ya upande wa magharibi ilimruhusu mke afanye kazi ya mshahara iwapo tu haiingiliani na kazi zake za nyumbani. Kumshika mtu makalio barabarani kuliwekewa kifungu chake chenyewe baada ya ile ya Cologne, mwaka 2016. Na kifungu hicho kinahusu kuguswa mwilini tu, matusi na miluzi ya barabarani hakikuyagusa.

Kwetu? Sheria ya makosa ya kujamiiana ilipitishwa mwaka 1998, na wanawake wa Tanzania, chama cha wanahabari wanawake TAMWA kikiwa mbele, ndio walioipigania. Kutokana na sheria hiyo, Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 138D kuhusu unyanyasaji wa kijinsia, na chenyewe kinataja vitendo na maneno pia. Kifungo mpaka miaka 5. Kwenye karatasi tumewatangulia Wajerumani kwa miaka 18. Mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 uliongozwa na katibu mkuu aliyezaliwa Ukerewe, Mama Gertrude Mongella. Hakuna aliyetuletea kitu ndani ya kontena.

Na mila mnayoitaja ni ipi? Bibi zetu wa mlimani walivaa ngozi na vitambaa vya biashara, na hakuna aliyeona ni uasherati. Wamisionari wa Leipzig, mji huu huu ninaokaa, walipofika Machame mwaka 1893 ndipo gauni refu likaanza kuwa alama ya mtu wa heshima. Mwisho wa miaka ya 1960 mkoani Arusha serikali ikawasumbua Wamasai wavue lubega wavae suruali, kwa kuwa eti wanaonyesha mwili. Wakati huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ukapiga marufuku vimini na suruali za kubana, kwa kuwa eti ni Uzungu, na huko Dar wanawake wakashambuliwa barabarani. Mmasai anaambiwa avae Kizungu, dada wa mjini anaambiwa aache Uzungu, na anayeamua ni mwanamume yule yule. Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa bungeni kwa sababu ya suruali baada ya mbunge mwanamume kusimama kuilalamikia. Suruali ilimfunika mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Huku nako wanagombana wao kwa wao kuhusu nguo, msidhani wamemaliza. Mwenzangu kazini ni Msiria, anavaa hijabu. Wapo wanawake wanaojiita watetezi wa haki wanaomwambia aivue ndipo awe huru. Na mlevi mmoja aliwahi kuivuta kwenye tramu. Aliyefunika kavutwa, aliyefunua kashikwa.

Narudi kwa yule mzee wa soksi, maana sikumaliza. Wiki iliyofuata nilikuwa navaa glavu huku machozi yanatoka, na mama mmoja Mjerumani aliyekuwa amebakiza miezi kustaafu akaniona. Nikamweleza. Hakuuliza kitu. Alinishika mkono mpaka ofisini, akafungua mlango bila kubisha hodi, akamwambia meneja kwamba sheria ya mwaka 2006 inamlazimu mwajiri kumlinda mfanyakazi, na kwamba hatoki mpaka yameandikwa. Yakaandikwa. Kuanzia kesho yake mzee alihudumiwa na wanaume tu, na mwanawe akaitwa akaelezwa mbele ya baba yake. Yule mzee hakuniangalia usoni tena. Aibu ilihama kwangu ikaenda kwake, na nililala usingizi.

Kisa hiki kingeweza kuishia kwa "mzoee". Kilichobadilisha ni mtu mmoja, mwanamke wa miaka 60 na ushee mwenye magoti mabovu, ambaye hakutazama dirishani.

Ndiyo maana sikubali mfano wa kuku, na nakuomba unielewe sisemi kwa dharau. Kuku hana akili. Wewe umelea wavulana wanne. Umewafundisha kuamkia wakubwa, kuwa waaminifu dukani, kutogusa migomba ya jirani hata kama haina uzio. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuleta mkungu wa wizi nyumbani akasema ulikuwa unaonekana kutoka barabarani. Ukisema wanaume ni kuku unawashusha wanao, nami nawajua, si kuku.

Kuhusu mavazi ya binti wa shangazi, mama yake ana haki ya kumwambia avae anachoona kinafaa kwenda kwa bibi au kanisani. Hayo ni malezi na sitaingilia, hata mimi ile jinzi nisingeivaa. Lakini alipofika analia, tulikuwa na mtu aliyefanyiwa kosa la jinai, na katika watu 20 na zaidi waliokuwa pale hakuna aliyeuliza yule kijana ni nani. Kila mtu aliuliza jinzi. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, hakuna aliyelitaja. Mimi mwenyewe sikulitaja, Baba Mdogo. Nilibishana nawe kuhusu Ulaya nikamwacha mtoto amekaa kwenye kigoda pembeni ya jiko, anachezea uzi wa lile tundu la gotini.

Nimempigia wiki iliyopita. Anasema Desemba atakuja tena, ila anafikiria kushukia Himo kisha achukue bodaboda peke yake usiku, ili asipite stendi. Huko ni hatari zaidi, nawe unajua. Nimemwambia ashukie stendi kama kawaida. Nakuomba uende ukampokee, wewe mwenyewe, na kaka zake wawili. Vijana wa pale wanakufahamu. Akiguswa tena, usimtazame yeye kavaa nini. Mwite kijana kwa sauti watu wote wasikie, umuulize ni mtoto wa nani.