Picha za Kerala: mmeuliza, najibu

Kimalayalam si Kihindi kile kile tu cha kusini? (Msomaji, Tanga)

Hapana, ndugu yangu, ingawa vibanda vya video vimetuzoesha kuita kila picha ya huko "ya Kihindi". Kimalayalam ni jamaa ya Kitamil, ukoo mwingine kabisa. Ni lugha ya Kerala, pwani ya kusini-magharibi, na sensa ya 2011 ilihesabu wasemaji karibu milioni 35. Mtu wa Delhi naye husoma maandishi ya chini kama wewe.

Mbona picha zao hazina makeke, lakini huwezi kuziacha? (Msomaji, Mombasa)

Fedha zao ni kidogo kuliko za Mumbai, makao ya picha za Kihindi, basi hadithi ndiyo steringi. Halafu kuna watazamaji wenyewe. Mwaka 1965 mwongozaji Adoor Gopalakrishnan na wenzake walianzisha klabu ya filamu, Chitralekha, mjini Thiruvananthapuram. Vilabu vya aina hiyo vikaenea, watu wakazoea sinema za dunia, na mtazamaji wa hivyo humdanganyi kirahisi. Chukua *Drishyam* ya 2013: mwenye biashara ya kebo, shule hakumaliza, anawazunguka polisi kwa ujanja aliouokota kwenye filamu ili kuilinda familia yake. Imeigizwa upya kwa Kitamil, Kitelugu, Kikannada, Kihindi, Kisinhala, hata Kichina. Mimi niliirudia kesho yake kutafuta nilipopigwa chenga.

Hapa sinema hujaa Wamalayali. Soko hili wanalihesabu? (Msomaji, Muscat)

Sana. Wamefanya kazi Ghuba kwa miongo mingi, na tiketi za huko ni sehemu kubwa ya mapato. Maisha hayo yenyewe yamekuwa hadithi: *Aadujeevitham* ya 2024 inamhusu kibarua aliyenaswa jangwani Saudia akichunga mbuzi.

Na wanawake je? (Dada, Dar es Salaam)

Hapo pachungu tangu mwanzo. P.K. Rosy, Mdaliti (yaani wa tabaka la chini kabisa), aliigiza mwanamke wa tabaka la juu katika picha ya kwanza kabisa ya Kimalayalam, ile bubu ya J.C. Daniel. Watu wakafanya fujo, akalazimika kuhama kwao na kukimbia. Mwaka 2017, baada ya mwigizaji mmoja kutekwa na kudhalilishwa, serikali ya Kerala iliunda kamati ya jaji mstaafu K. Hema kuchunguza yanayowapata wanawake kwenye sinema. Ripoti ilikabidhiwa 2019, umma ukaiona Agosti 2024. Siku chache baadaye, shutuma zilipowaandama baadhi ya waigizaji, uongozi wote wa chama chao ukajiuzulu, pamoja na rais wake wa wakati huo, Mohanlal, yule yule steringi wa *Drishyam*.