Maswali Yenu: Kalibu nafuu za kaboni faiba

Swali: Wahariri, nataka kujitengenezea kifuniko cha pembeni cha pikipiki kwa kitambaa cha kaboni faiba na epoksi (rezini ya maji inayokauka na kukigandisha kitambaa). Ni kipande kimoja, vikizidi sana viwili. Kalibu ya alumini, yaani umbo la kulazia kitambaa, siiwezi. Nichonge MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) au nimimine plasta?

Jibu: Chonga MDF. Alumini waachie wanaotoa vipande kwa mamia. Idadi ya vipande ndiyo inayochagua kalibu, na wengi huanza kinyume.

Shida ya MDF ni kwamba inakunywa. Uso wake ni laini kwa kuwa umeshindiliwa kiwandani, lakini ukishaukata, kingo na sehemu zilizochongwa hufyonza rezini kama sifongo. Epoksi ikizama humo, nta haitakuokoa: kipande na kalibu vitashikana moja kwa moja.

Gundisha vipande vya mm 18, kisha chonga. Kuta zilaze digrii 3 hivi ili kipande kichomoke, na kona za ndani zizungushe kwa nusu kipenyo cha mm 3 au zaidi. Kitambaa cha kaboni hakipendi kona kali. Huruka juu yake kama daraja, na chini hubaki hewa au rezini tupu inayomeguka. Paka epoksi nyembamba, ikikauka piga msasa namba 240, rudia. Kingo zipe mikono (tabaka) mitatu. Juu yake nyunyiza praima (rangi ya kwanza) ya magari ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuigandisha, kisha msasa wa maji namba 400, 800 hadi 1200. Pitisha ukucha: mkwaruzo unaousikia kwa ukucha utauona kwenye kaboni.

Halafu nta ya kalibu, mikono mitano, saa moja kati ya mmoja na mwingine, kila mara ukisugua hadi ing'ae. Malizia na PVA ya maji, kimiminika kinachokauka kuwa utando wa kuzuia kushikana, tabaka mbili au tatu nyembamba. Polishi ya gari yenye silikoni usiikaribishe kabisa; PVA itajikusanya matone matone badala ya kutandaa.

Plasta ni rahisi na hunakili umbo vizuri, ila hudanganya. Juu imekauka, ndani imejaa maji, na epoksi inayokutana na unyevu hubaki ikinata. Ipime kwenye mizani kila siku. Uzito usiposhuka kwa siku mbili mfululizo, imekauka. Usiiharakishe kwa joto la zaidi ya 45°C, maana jasi huanza kupoteza maji yanayoishikilia na kuwa ungaunga. Izibe kama MDF, na usitarajie itoe vipande vingi kabla ya kuvunjika.

Swali: Kalibu yangu niliichapa kwa printa ya 3D, plastiki ya PLA. Nililaza kaboni, nikaiweka kwenye boksi lenye joto ili ikauke upesi. Kipande kimetoka kimepinda. Kosa ni la rezini?

Jibu: Rezini haina kosa. PLA hulegea karibu na 60°C, na epoksi yenyewe hutoa joto inapokauka, hasa pale ilipojikusanya. Kalibu ilipinda kwanza, kaboni ikaifuata. Acha ikauke kwa joto la kawaida saa 24, chomoa, halafu kipashe moto kipande peke yake, ukipandisha joto polepole kama mtengenezaji wa rezini anavyoelekeza. PETG, plastiki nyingine ya printa, huvumilia zaidi kidogo. Ile mistari ya printa izibe kwa epoksi na praima.

Ukitumia mfuko wa plastiki na pampu ya kunyonya hewa ili kubana kaboni kwenye kalibu, kumbuka mgandamizo unakaribia kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kalibu ya sm 20 kwa 30 uliyoifunga yote ndani ya mfuko inabebeshwa karibu kilo 600 upande wa juu. Ikiwa ndani ni matundu matupu, itabonyea.

Swali: Nikihitaji vipande 20?

Jibu: Ile MDF ifanye kiolezo, yaani umbo la kunakiliwa, na juu yake utengeneze kalibu ya faibaglasi na poliesta. Anza na jelkoti ya kalibu, rezini nzito inayokuwa uso wake, mm 0.6 hivi. Subiri hadi ukiigusa inate lakini isiache rangi kidoleni. Ukiwahi, poliesta ya tabaka linalofuata itaikunja kama ngozi ya mamba, na kazi yote utaanza upya. Fuatisha mkeka mwepesi wa faibaglasi wa gramu 225 ukitoa mapovu yote, kisha mikeka minne ya gramu 450 kwa mita ya mraba. Kila mkeka hunywa rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Usilaze yote kwa mkupuo: joto hupanda, poliesta husinyaa, kalibu hupinda. Mikeka miwili leo, miwili kesho, na iache juu ya kiolezo siku kadhaa kabla ya kuing'oa kwa kabari za plastiki. Kichocheo cha kugandisha poliesta ni asilimia 1 hadi 2; vaa miwani, kwani tone moja machoni linaweza kupofusha.

Swali: Na bamba bapa tu?

Jibu: Kioo kinene na nta. Hutapata uso mzuri zaidi ya huo.