Kwa Salim, juu ya Rukia na maji

Tanga, Jumapili

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma zaidi ya mara moja. Unaniuliza: "Mama, wewe umekuwa muuguzi miaka yote hiyo, Rukia tumwanzishie dawa ya wasiwasi huu wa kunawa na kuuliza bila kukoma, au tungoje kwanza?" Nitakujibu, lakini niambie kwanza: usiku anapokuuliza kama geti limefungwa, unamjibu mara ngapi?

Maana Desemba nilikuwa kwenu, nikamsikia. "Baba, umefunga?" "Nimefunga, mama." "Kweli?" "Kweli." Ukatoka na tochi kwenda kutikisa kufuli ili asikie mlio. Usiku ule ulitoka mara nne. Na mkeo hachoki kununua sabuni, mche hauvuki siku mbili, na vidole vya mtoto vimechanika kwenye maungio kama vya dobi. Tena Rukia aliniambia jikoni, akaniruhusu nikwambie, kwamba anaona picha ya gari likimgonga mama yake, na asipohesabu mpaka nane anahisi litamgonga kweli. Amebeba hilo peke yake kwa aibu. Mnamsaidia kwa mapenzi, najua. Hata mimi nilisaidia kwa mapenzi.

Habari za Mjomba wako na pipa la maji la uani, alivyokuwa akirudia udhu bila kuisha, unazijua, zimesimuliwa humu ndani kila sikukuu. Sijawahi kukusimulia siku ya maziko ya Babu. Mwaka 1983. Jeneza liko barazani, watu wamejaa mpaka barabarani, na Mjomba wako yuko uani anatawadha. Anafika mguu wa kushoto, anasema nia haikukaa sawa, anaanza upya tangu viganja. Mimi namchotea. Ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila akimaliza ananitazama: "Umetimia?" Namwambia, "Umetimia, kaka, nimeona kwa macho yangu." Anatulia, pumzi mbili hivi, halafu anauliza tena. Tukasikia "Laa ilaaha illa Llah" inatoka barazani, inashika barabara, inafifia. Kopo bado liko mkononi mwake. Mtoto wa kwanza wa kiume, na baba yake akateremshwa kaburini na mikono ya watu wengine.

Nilikuwa na miaka 19. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba siku ile nilimsaidia. Baadaye nikajiambia kwamba nilimponza. Hapana, ugonjwa huu wa wasiwasi, ule madaktari wauitao OCD, sikumpa mimi. Huwa unatembea katika koo, mara nyingi huanza utotoni au ujanani kabla mtu hajatimiza miaka 25, na waliokuwa nao ni wengi kuliko wanaosema. Lakini ulikuwa ukila mkononi mwangu. Kila "umetimia" niliyoitamka ilikuwa tonge.

Maji hayaoshi shaka. Mmelisikia hili kwangu mpaka mmelichoka, na bado nalirudia.

Mwalimu wa chuoni wa Mjomba wako alikwishamwambia: yakini haiondolewi na shaka, osha mara tatu unyanyuke, hata nafsi ikikulilia. Akamkumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, maji yasiyofika lita. Maneno ya kweli kabisa, ila baada ya kuyasema mwalimu aliondoka, akabaki kaka yangu na pipa, na mimi na ndoo.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia mmoja wa London, Victor Meyer, aliandika juu ya wagonjwa wawili wa namna hii aliowatibu wodini. Mmoja alikuwa akiosha na kusafisha kutwa nzima. Wauguzi wakamfungia maji ya chumbani, wakakaa naye huku akishika vitu anavyoviogopa. Hofu ikapanda, kisha ikashuka yenyewe, bila maji. Siku niliyolisoma hilo nilifunga kitabu nikatoka nje. Wauguzi, Salim! Kazi yao ilikuwa kufunga bomba, na mimi nilikuwa nachota.

Siku hizi hawafanyi kwa nguvu vile, nawe usije ukamfungia mtoto bomba kwa hasira. Rukia mwenyewe ataanza na kidogo: ashike kitasa cha mlango wa choo, akae dakika kumi bila kunawa, kesho ishirini. Akikuuliza geti, mwambie, "Hilo ni swali la wasiwasi, mwanangu, silijibu, ila sitoki hapa." Atalia, na mkeo atasema bibi ni katili. Kaeni naye hivyo hivyo.

Sasa dawa. Mjomba wako alipoanza klomipramini, mdomo ulimkauka, akalalamika, na mwezi mzima hatukuona kitu. Wiki ya tisa akaswali Alasiri kwa wakati wake, pamoja na watu, msikitini. Nililia jikoni, na vitumbua vikaungua. Kwa watoto madaktari wengi huanza na mazoezi haya, na ugonjwa ukiwa mkali huongeza fluoksetini au setralini. Hazihukumiwi kwa wiki moja. Hupewa wiki 8 mpaka 12, na zile za mwanzo mtoto aangaliwe sana, hasa akianza kunyong'onyea au kusema maneno ya kujidhuru. Ukinibana ningesema... la, sisemi. Nimekaa nalo tangu Ijumaa na jibu ninalo, lakini mimi ni bibi yake, si daktari wake. Daktari wa akili amwone kwanza, na umweleze habari ya kufuli, usifiche.

Mjomba wako anataka kuzungumza na Rukia, ana kwa ana, simu hataki. Nimemwambia mtakuja likizo ya Juni. Jana kabla ya Magharibi nilimwangalia akitawadha uani, hakufika hata dakika nne. Akainuka, akanitazama. Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia kitu.

Mama yako