Maswali na Majibu: Ringi Ipi Ifunge Dai Yako?

Barua nyingi za mara hii zinahusu kitu kidogo sana kwenye meza ya kujazia risasi: ringi inayozungushwa kwenye shingo ya dai (kifaa cha chuma kinacholirudisha ganda umbo au kukalisha kichwa cha risasi) ili kuibana juu ya presi, yaani mashine ya mkono inayolisukuma ganda ndani ya dai. Tunawajibu wale wenye leseni na ruhusa ya kujaza maganda upya mahali wanapoishi.

*Seti yangu ya dai ilikuja na ringi zenye skrubu moja ndogo ubavuni. Mwenzangu klabuni anasema nizitupe, ninunue zile zilizopasuliwa zenye bolti. Kuna tofauti kweli, au ni kupoteza pesa?*

Tofauti ipo, ila uzito wake unategemea unachojaza na mara ngapi unatoa dai kwenye presi.

Ringi ya skrubu inashika dai kwa nukta moja. Ukikaza, ncha ya skrubu inagandamiza hesi za dai na kuisukuma ringi upande mmoja. Mambo mawili hutokea. La kwanza, hesi zinapondeka pale ncha ilipogusa, na siku ukitaka kusogeza ringi inakwama au inapita kwa kukwaruza. La pili, ringi inaweza kukaa mshazari kidogo, kwa sababu kila hesi ina ulegevu wake.

Ringi iliyopasuliwa, kama za Forster na Hornady, ina mkato unaopita ubavuni na bolti inayouvuta mkato huo ujifunge. Inaikumbatia dai mzunguko mzima, hesi zinabaki salama, na kipimo hakisogei unapoikaza. Kwa presi ya kituo kimoja, ambapo dai inatoka na kurudi kila wakati, hiyo ndiyo tunayopendekeza bila kusitasita.

Tazama hesabu yenyewe. Dai nyingi zina hesi ya inchi 7/8, meno 14 kwa inchi. Mzunguko mmoja kamili unaishusha au kuipandisha dai milimita 1.81. Mtu wa bunduki anayetaka kurudisha bega la ganda (pale linapoanza kubana kuelekea mdomoni) nyuma kwa milimita 0.05 tu anahitaji kuizungusha nyuzi 10. Kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 32, hiyo ni chini kidogo ya milimita 3 za ukingo. Ringi ikiteleza kiasi hicho, ambacho jicho halitakishtukia, kipimo chako chote cha bega kimekwenda.

Si lazima uzitupe za skrubu. Toa skrubu, tumbukiza chembe moja ya marisau madogo ya madini ya risasi, si ya chuma, ndani ya tundu, kisha rudisha skrubu. Marisau hayo ni laini, yatajibana kwenye hesi bila kuzijeruhi. Kipande kifupi cha nailoni au shaba kinafanya kazi hiyo hiyo. Tatizo la hesi zilizopondeka litakuwa limekwisha. La ringi kukaa mshazari litabaki.

*Ringi za Lee zina mpira ndani na hazina skrubu. Nakaza kwa vidole tu. Naogopa zitalegea.*

Ukiziacha dai zako kwenye kichwa cha presi bila kuzitoa, huna haja ya kuogopa. Oringi, yaani huo mpira wa ndani, inashikilia kwa msuguano, na inaiacha dai icheze kidogo sana ili ijipange na ganda. Wapo wanaozipenda kwa sababu hiyo hasa.

Shida inakuja ukifungua dai na kuirudisha, maana mkono ukishika dai badala ya ringi, ringi inazunguka peke yake na kipimo kimepotea. Chora mstari mmoja wa wino unaopita kwenye dai, ringi na uso wa presi. Mistari isipokutana ukirudisha, pima upya kabla ya kujaza chochote. Oringi iliyopasuka au kukauka ibadilishe mara moja, na usimwagie mafuta ya kusafishia bunduki, maana mengine yanauvimbisha mpira.

*Nikifungua dai, bushi nzima ya presi inatoka nayo. Je, ringi ni mbovu?*

Ringi haina kosa. Presi kadhaa zina bushi (pete yenye hesi ambamo dai huingia) inayotoka ili zipokee dai kubwa zaidi, kwa mfano zile za hesi ya inchi 1 na robo. Ukikaza ringi ya dai kuliko ulivyokaza bushi, bushi ndiyo itakayokubali kwanza.

Itoe, futa mafuta kwenye hesi zake na ndani ya presi mpaka pakauke, kisha irudishe kwa spana na ukaze sawasawa. Baada ya hapo ringi ya dai ikazwe kwa mkono, halafu mguso mdogo tu wa spana. Mtu anayening'inia kwenye spana kufunga dai anajitafutia kazi ya siku nyingine.

*Naomba mnieleze hatua za kufunga ringi. Kila nikirudisha dai, kipimo kinabadilika.*

Mara nyingi anayebadilisha kipimo ni mtu mwenyewe, kwa kufunga ringi huku dai ikiwa haina mzigo. Hesi zina nafasi kidogo ya kucheza juu na chini. Presi ikifanya kazi, ganda linaisukuma dai juu. Ukiifunga ikiwa imelegea chini, umefunga kipimo ambacho hakitakuwepo wakati wa kazi.

Anza kwa usafi. Futa uso wa presi na sehemu ya chini ya ringi kwa kitambaa kikavu. Chembe moja ya baruti ya vijiti ikikaa chini ya ringi inaiinua dai, na inaiinua upande mmoja, kwa hiyo unapata makosa mawili kwa pamoja.

Weka dai kwenye kipimo unachotaka ukiwa umeilegeza ringi. Kwa dai ya kurudisha ganda umbo, ingiza ganda lililopakwa mafuta yake, pandisha mkono wa presi hadi mwisho na uache mzigo huo hapo. Kwa dai ya kukalisha kichwa cha risasi, tumia risasi ya mfano isiyo na fataki (kiwashio cha kitakoni) wala baruti. Mzigo ukiwa bado upo, shusha ringi mpaka iguse presi, ikaze, ndipo ukaze bolti yake ya ubavuni. Ukianza na bolti kabla ringi haijakaa, umefunga hewa.

Shusha mkono, toa dai kwa kushika ringi na si mwili wa dai, irudishe, kisha pima ganda jingine kwa vernia (kipimo cha taya). Vipimo vikilingana, kazi imekwisha. Dai za bastola zenye pete ya kabaidi ziache nafasi nyembamba kama karatasi kati yake na kishikio cha ganda. Kabaidi ni ngumu lakini haina unyumbufu, na dai iliyoteleza chini ikagongwa na kishikio hupasuka pete.

Hata dai ikishafungwa vizuri, pima risasi chache za mwanzo za kila mkupuo. Dai ya kukalisha ikishuka kimyakimya, kichwa kinaingia ndani zaidi, nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda. Kwenye ganda dogo kama la 9 mm hilo si jambo la kupuuza. Dai ya kurudisha umbo ikishuka kupita kiasi, bega linarudi nyuma mno na ganda la bunduki linaweza kukatika karibu na kitako baada ya kujazwa mara chache.

*Alumini au chuma?*

Chuma. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, lakini hesi zake na tundu la bolti huliwa haraka ukizidisha nguvu.

*Nitajuaje kama ringi yangu imenyooka?*

Paka wino wa kalamu nene chini ya ringi yote, ikauke, kisha ifunge kwenye presi na uifungue. Wino ukifutika mzunguko mzima, iko sawa. Ukifutika upande mmoja, jaribu fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.05 upande wa pili. Ikipenya, uso umepinda. Zile zilizopasuliwa nazo hujipinda kidogo bolti ikikazwa mno, kwa hiyo fanya jaribio hili bolti ikiwa imekazwa. Uso uliopinda unasuguliwa kwa msasa namba 400 juu ya kioo, ringi ikiwa kwenye dai na bolti imekazwa, mpaka wino ufutike pote. Dai iwe imepandishwa isiguse msasa.

*Presi yangu ni ya vituo vingi. Ringi kubwa zinagusana.*

Tumia nati nyembamba za pembe sita, kama zinazokuja na dai za Dillon. Hazina skrubu, na hazihitaji, kwa sababu dai hukaa kwenye kichwa chake na kichwa ndicho kinachobadilishwa. Nati nyembamba pia inasaidia kwenye dai fupi ambazo hesi zake zinaishia mapema. Kagua kwanza kama spana yako inaingia katikati ya dai mbili. Mara nyingi ni spana iliyochongwa mdomo ndiyo inayopita.

*Skrubu ya ringi imekwama na ufunguo unazunguka bure.*

Dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha. Gonga taratibu ufunguo wa Allen mpya, usio na pembe zilizolika, uingie hadi chini, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ukishindwa, toboa skrubu kwa kekee nyembamba kuliko skrubu yenyewe na usipitilize hadi kwenye dai, ambayo uibane kwenye jiriwa kwa vipande vya mbao laini. Ringi nyingine ni rahisi kuipata kuliko dai nyingine.