Anaongea Kigogo, penseli hajawahi kushika: aanze darasa la awali Januari?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume amelelewa na bibi yake huko Bahi, sasa nimemleta Nkuhungu, hapa Dodoma, niishi naye. Januari atakuwa na miaka mitano na miezi miwili. Anaongea Kigogo, Kiswahili ni cha kuokoteza, na penseli hajawahi kushika. Mtoto wa jirani ana miaka mitatu tu, yuko nasari, anaandika mpaka 20. Nimwandikishe awali au nimwache mwaka mmoja akomae?

JIBU: Marahaba mama. Mwandikishe. Awali ni mwaka mmoja, na kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, darasa la kwanza mtoto anaanza akiwa na miaka 6. Ukimshikilia, Januari ya pili atakuwa keshapita sita: ama aingie la kwanza bila kuonja awali, ama akae nyuma ya wenzake.

Penseli isikukoseshe usingizi, kuifundisha ni kazi yetu. Huyo wa jirani mwambie akuletee vijiko vitano, uone kama 20 anaielewa au anainakili tu. Wako mpe karanga abangue na udongo afinyange, vidole vipate nguvu.

Mimi ningeanza na choo. Darasa la awali la shule ya serikali lina watoto wengi na mara nyingi mwalimu mmoja, hawezi kumsindikiza kila mtoto. Je, anaweza kushusha kaptura mwenyewe, kuchuchumaa kwenye tundu bila woga, kujisafisha kwa maji na kunawa? Mnunulie kaptura ya mpira kiunoni. Nimeona watoto werevu kabisa wakijikojolea kwa sababu ya kifungo kigumu, halafu kesho yake hawataki kurudi shule.

Kigogo si kikwazo. Mtume kwa Kigogo hicho hicho: “Chukua kikombe, mpelekee shangazi, kisha funga mlango.” Akitimiza yote kwa mpangilio, na akikusimulia alichokula kwa sentensi kamili, Kiswahili atakidaka kwa wenzake. Kwa sasa mfundishe ya lazima tu: jina lake, maji, naumwa, naomba kwenda chooni. Ila kama hata Kigogo anaunga maneno mawili matatu tu, au ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki, mpeleke hospitali apimwe masikio kabla ya Januari. Hilo halisubiri kukomaa.

Kilio cha siku za mwanzo ni cha kawaida, hasa kwa aliyetenganishwa na bibi juzi juzi. Muage, mwambie utakuja saa ngapi, ondoka. Usimtoroke.

Ukienda kuandikisha, chukua cheti cha kuzaliwa, na mwambie mwalimu wa darasa mapema kuwa mtoto ni wa Kigogo. Hapa Dodoma hakosi kuwepo mtoto mwingine anayekijua, watakaa dawati moja.