Kabla hamjakimbilia kioo cha fedha: kwa wanaoanza maabara ya kemia ya kaboni

Ninyi mnaoanza mazoezi ya maabara hapa Mbeya mtapewa mapema neli yenye kimiminika kisicho na jina, na kuulizwa kama ni aldehaidi, yaani kiwanja cha kaboni chenye kundi la –CHO. Wengi hukimbilia kitendanishi cha Tollens, yaani nitrati ya fedha ndani ya amonia, kwa sababu aldehaidi hukifanya kiache utando wa fedha unaong’aa ukutani mwa neli, na kioo hicho cha fedha kinapendeza macho. Anzeni na kile cha Brady (mmumunyo wa 2,4-dinitrofenilhaidrazini): kikitoa mashapo ya manjano au ya rangi ya chungwa, mna aldehaidi au ketoni, jamaa yake ambayo kwa kawaida haitoi kioo, kisipotoa, hamna sababu ya kupoteza nitrati ya fedha, ambayo si ya bei ndogo.

Tollens huharibiwa na haraka. Tieni tone moja au mawili ya haidroksaidi ya sodiamu kwenye nitrati ya fedha hadi mashapo ya kahawia yatokee, kisha ongezeni amonia hafifu tone kwa tone huku mkitikisa, na mkome pale pale mashapo yanapoyeyuka. Mwaka wangu wa kwanza niliimimina kwa mkupuo, nami nikafurahi kuona mmumunyo umetakata mara moja. Glukosi niliyoijua kwa hakika ikatoa wingu hafifu la kijivu, nikaandika kwamba aldehaidi haipo. Amonia ikizidi huishikilia fedha, na jaribio hupungua makali. Neli nayo ioshwe hadi maji yateleze bila kuacha matone ukutani. Yenye mafuta hutoa mashapo meusi badala ya kioo, ingawa hayo pia ni fedha na jibu ni lile lile.

Pasheni moto ndani ya bika la maji ya nyuzi 60 hivi, bila kutikisa, wala si juu ya mwali. Katika baridi ya Juni na Julai, jaribio ambalo mwenzenu wa Kyela, bondeni kwenye joto, angelimaliza upesi huweza kuwachelewesha, kwa hiyo msiandike “hapana” kabla ya kusubiri dakika kadhaa.

Kinachobaki kisiwekwe hata usiku mmoja, kwa kuwa kikikaa huzaa nitridi ya fedha, ambayo hulipuka. Kitieni asidi hafifu ya nitriki siku hiyo hiyo.

Kwa kitendanishi cha Fehling, jaribio jingine la aldehaidi, changanyeni mimumunyo yake miwili, A (salfati ya shaba) na B (yenye alkali), kwa ujazo sawa wakati wa kutumia tu. Maji yetu huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, basi ongezeni muda kidogo mkisubiri mashapo yenye wekundu wa tofali, ambayo ndiyo jibu la ndiyo. Benzaldehaidi haitautoa, japo Tollens huikubali, na tofauti hiyo ni ushahidi wenye thamani. Fruktosi, ambayo ni ketoni, hujibu majaribio yote mawili kwa kuwa alkali huigeuza, nayo imewapotosha wanafunzi wengi kuliko kemikali nyingine ninayoikumbuka.

Kila mara wekeni kando neli mbili zinazojulikana, moja ya glukosi, inayopaswa kujibu ndiyo, na nyingine ya asetoni, ketoni inayopaswa kujibu hapana kwa Tollens na Fehling. Nikikagua daftari, safu ya neli hizo ndiyo ninayoitazama kwanza.